Mavuno ya uhakika ya bwawa: maana yake na jinsi yanavyokadiriwa

Mavuno ya uhakika ya bwawa ni kiasi cha maji ambacho bwawa linaweza kutoa siku baada ya siku, bila kukatika, hata katika kipindi kikavu kuliko vyote vilivyozingatiwa wakati wa kulisanifu. Hupimwa kwa lita au mita za ujazo kwa siku, na ndicho kipimo kinachostahili kuulizwa kwanza pale mkoa au jiji linapotangaziwa bwawa jipya. Kinachotangazwa mara nyingi ni ujazo, yaani maji yote yanayoenea bwawani likijaa hadi usawa wa utoro, yaani njia ya kupitishia maji yaliyozidi. Vipimo hivi viwili ni tofauti kabisa, na mwananchi anayepewa kimoja akidhani ni kingine hujiona ameondokana na shida ya maji wakati hesabu yenyewe haijafanywa.

Neno bwawa lenyewe linahitaji uangalifu, kwa kuwa Kiswahili hulitumia kwa tuta linalozuia mto na pia kwa maji yanayotuama nyuma ya tuta hilo. Hapa tuta litaitwa tuta, na bwawa litakuwa ni yale maji.

Tuanze na tangi la nyumbani. Familia yenye tangi la lita 5,000 lililojaa, inayotumia lita 500 kwa siku, inaweza kuvuka siku kumi bila bomba la mtaani kutoa hata tone. Bomba likikauka kwa siku kumi na nne, familia hiyo italazimika kujibana kwenye lita zisizozidi 357 kwa siku tangu siku ya kwanza, la sivyo siku nne za mwisho itapanga madumu kwa jirani. Tangi ni lilelile; kilichorefuka ni ukame, na kwa sababu hiyo mavuno ya uhakika yameshuka. Tena ukichungulia chini utaona kwamba bomba la kutolea limefungwa juu kidogo ya kitako cha tangi, na kwamba maji yaliyo chini ya usawa huo, pamoja na tope lake, hayatoki. Wasanifu wa mabwawa huyaita maji ya namna hiyo ujazo mfu, na yale yanayoweza kutolewa huyaita ujazo hai.

Mto Ruvu, unaopata sehemu kubwa ya maji yake katika milima ya Uluguru, ndio tegemeo kuu la Dar es Salaam na miji ya Pwani iliyo njiani. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 na lita milioni 270 kwa siku, ambazo kwa pamoja ni lita milioni 466. Mwezi Oktoba 2022, mvua za vuli zilipochelewa, uzalishaji ulishuka hadi takriban lita milioni 300 na jiji likaingia kwenye mgao. Pampu zilikuwa na uwezo wake uleule, ila mto ulikuwa umepungua mbele ya mabanio, yaani mahali mitambo inapochotea maji mtoni, na hakuna pampu inayosukuma maji ambayo mto haukuyaleta. Mto usio na hifadhi hauna mavuno ya uhakika zaidi ya mtiririko wa siku yake mbaya kuliko zote. Kwa sababu hiyo linajengwa Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2023 na ambalo limesanifiwa kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 190. Maji ya masika yatawekwa akiba humo, kisha yataachiwa wakati wa kiangazi yashuke na mto wenyewe hadi kwenye mabanio ya siku zote.

Ukigawanya milioni 190 kwa mita za ujazo 466,000, ambazo ni sawa na lita milioni 466, utapata karibu siku 408. Hesabu hiyo inavutia, nayo haitoshi. Kwa upande mmoja inapunja, kwa kuwa hata kiangazi mto huendelea kuleta maji kidogo. Kwa upande mwingine inazidisha, kwa kuwa ina makato matatu ambayo haikuyatoa. Kwanza ni mvuke: milimita 5 zikipotea kwa siku juu ya eneo la kilomita moja ya mraba, zimekwenda lita milioni 5, na bwawa pana lenye kina kifupi hupoteza zaidi kuliko jembamba lenye kina kirefu hata kama ujazo wao ni sawa. Pili ni tope. Bwawa la Mindu, linalohudumia Manispaa ya Morogoro, limepungua kina kwa mchanga na udongo unaoshuka kutoka mashambani na kwenye miteremko iliyokatwa miti, na kila tani inayotua humo huchukua nafasi ya maji.

Kato la tatu ndilo linalobishaniwa zaidi, nalo ni maji ya mto wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mto ubakiziwe maji ya kukidhi mahitaji ya msingi ya watu na ya kulinda viumbe vya majini. Wako wanaoyaona maji hayo kuwa yanapotea baharini, na kwa maoni yangu wanakosea. Ruvu huishia pwani ya Bagamoyo, na mto ukidhoofika, maji ya chumvi hupanda kuufuata kutoka baharini, yakayakuta mashamba na visima vya watu ambao hawakupata hata bomba moja kutokana na bwawa hilo.

Kukadiria kilichobaki kuna njia ya zamani inayoeleweka kwa urahisi, aliyoichapisha mhandisi W. Rippl mwaka 1883. Unachukua kumbukumbu za mto za miaka mingi, unajumlisha maji yaliyopita mwezi baada ya mwezi, kisha unachora mstari unaopanda. Masika mstari unapanda kwa kasi, kiangazi unakaribia kulala. Juu yake unauweka mstari wa matumizi, ulionyooka kwa kuwa watu hunywa maji kila siku. Pale mistari hiyo inapoachana zaidi ndipo penye ujazo hai unaohitajika. Siku hizi kompyuta hurudia zoezi hilo mara maelfu, kwa kubahatisha mfuatano wa miaka mikavu na ya mvua, na jibu hutolewa likiwa na kiwango cha uhakika. Uhakika wa asilimia 95 kwa mwaka maana yake ni kwamba, kwa wastani, katika kila miaka 20 mmoja utakuwa na upungufu, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba mwaka huo utakuwa wa mwisho wala wa kwanza.

Yote hayo yanasimama juu ya daftari la vipimo vya kina cha mto. Mafuriko yakisomba nguzo ya kipimo na isirudishwe kwa misimu miwili, kumbukumbu hupata pengo, na mhandisi hulijaza kwa makadirio. Msitu ukifyekwa katika vyanzo, kumbukumbu za miaka arobaini iliyopita huanza kuusimulia mto mwingine. Kwa hiyo bwawa lililokwisha kujengwa linatakiwa kupimwa kina upya kila baada ya miaka kadhaa, na mavuno yake ya uhakika kukokotolewa tena kabla ya wilaya nyingine kuunganishwa kwenye bomba lake.