Kasa Akikwama Ufukweni: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Sikukuu ya Idd, Raskazone hapa Tanga hufurika: pilau kwenye hotpoti, watoto majini, vijana na mpira wao. Akionekana kasa mchangani, dakika chache kashazungukwa, na kila mtu ana lake la kusema. Huruma ipo tele, ila ushauri mwingi ni wa kumuua.

"Mrudisheni baharini haraka!"

Hili ndilo kosa kubwa. Kasa hana matamvua kama samaki. Ana mapafu, na lazima aibuke avute hewa. Mwenye nguvu hujirudia mwenyewe. Anayelala mchana kweupe, kichwa chini, mapezi hayachezi, mara nyingi ni mgonjwa, kaumizwa na nyavu au boti, au kameza plastiki. Ukimsukuma majini atashindwa kuibuka. Beseni la maji nalo ni hatari ileile.

Mwekeeni kivuli. Loweka khanga kwa maji ya bahari, umfunike gamba, macho na pua viwe wazi. Msimpe chakula wala maji ya kunywa. Ndoana ikiwa imemnasa msiing'oe. Kateni mshipi mkiacha kipande kinachoonekana. Msimlaze chali, maana mapafu yako juu, chini ya gamba, na akipinduliwa uzito wa matumbo huyakandamiza. Kumvuta kwa mapezi kunamtegua.

Kuna wakati lazima asogezwe. Siku za bamvua maji ya Tanga hupanda zaidi ya mita 3, na mchanga mkavu wa saa sita unaweza kuwa bahari kabla hamjafunga virago. Hapo watu wazima wawili washike gamba lenyewe, mmoja nyuma ya shingo, mwingine juu ya mkia, wanyanyue kwa pamoja. Watoto wakae mbali na mdomo. Hana meno, lakini anauma.

"Masikini, analia"

Yale machozi mazito ni chumvi. Kasa hula na kunywa vya bahari, na tezi zilizo karibu na macho ndizo zinazoitoa chumvi iliyozidi. Haina maana haumwi, ila machozi si kipimo.

"Huyu wa usiku kapotea njia"

Huyo kaja kutaga. Zimeni tochi na simu, kaeni nyuma yake, mwacheni amalize. Mayai msiyaguse. Kweli, mayai ya Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, huhamishiwa bara upande wa Ushongo, lakini kwa mikono ya watu waliofunzwa. Maziwe ilikatwa miti, bahari ikaila, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Viota vikiachwa pale vinazama. Kugeuzageuza yai kunaweza kuua kilichomo. Vifaranga nao waachwe watambae wenyewe hadi majini.

"Akikwama pomboo, mmwagieni maji kichwani"

Mwilini sawa, kichwani hapana. Lile tundu la juu ndilo pua yake. Na mkia si kamba ya kuvutia.

"Kasa kashakufa, nyama isipotee"

Hili linanikera, kwa sababu majirani zetu wa Pemba wamelilipia. Machi 2024, kwenye Kisiwa cha Panza, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Si kila kasa ana sumu, lakini mwenye nayo humtambui kwa sura wala kwa harufu, na kupika hakuiondoi. Inaweza hata kumfikia mtoto kupitia ziwa la mama.

"Ukitoa taarifa utakamatwa wewe"

Kinachokatazwa na sheria ni kuua kasa au kufanya biashara ya nyama, mayai na gamba lake. Kutoa taarifa si kosa. Mpigieni afisa uvuvi, BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni) ya eneo, au watu wa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Kama hamna namba zao, mwenyekiti wa mtaa atawaunganisha. Semeni yuko wapi, anapumua au la, ana jeraha gani, kisha mpigeni kasa picha bila kuwasha mwanga. Tazameni pia mapezi ya mbele: baadhi wana kibati chenye namba. Isomeni na muwatajie, hata kama kasa mwenyewe kafa.