Samadi ya kuku haifai kwenda tutani ikiwa mbichi

Bustani nyingi za mchicha za Dar es Salaam, kuanzia Kigamboni hadi Bunju, ziko kwenye kichanga. Unamwagilia asubuhi, ikifika saa nane mchana tuta limekauka, na mbolea ya dukani imeshazama na maji kupita mizizi inakofika. Kichanga hakina cha kushikilia maji wala chakula cha mmea. Mboji, yaani samadi na majani yaliyokwisha kuoza, ndiyo inayoshika. Na kwa kuwa joto la Pwani huimaliza haraka kuliko baridi ya Lushoto, huku kwetu inabidi kuongeza kidogo kidogo kila unapopanda upya.

Samadi rahisi kupatikana mjini ni ya kuku wa nyama, ikiwa imechanganyika na maranda au pumba za mpunga. Wengi huimwaga tutani siku ileile inapotoka bandani, na hapo ndipo ninapowasihi wasubiri. Samadi hiyo ina amonia na chumvi nyingi. Inama karibu na tuta lililowekwa jana, utasikia pua inawasha. Miche nayo huungua kuanzia kwenye ncha za majani. Maranda yakizidi kinyesi, shida hugeuka: vijidudu vinavyoyaozesha huhitaji nitrojeni, chakula kinachoyapa majani ukijani, nao huichota udongoni, hivyo mchicha unakuwa wa njano juu ya mbolea tele.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni afya ya walaji. Kinyesi kibichi kinaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi ifukiwe angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusana na udongo. Mchicha wetu unang'olewa baada ya wiki 3 au 4! Mchicha unapikwa, ndiyo, lakini tuta la pili lina saladi na giligilani, na kibao kinachokatiwa mboga ndicho hichohicho cha kachumbari.

Kwa hiyo iozeshe kwanza. Tafuta kivuli, panga tabaka za majani makavu, majani mabichi, mabaki ya jikoni na samadi, ukinyunyizia maji kila tabaka, hadi lundo lifike mita 1 au 1.5 kwenda juu na upana kama huo. Dogo kuliko hapo halipati moto wa kutosha. Kama samadi ina maranda mengi, punguza makavu, ongeza mabichi. Majivu usiyachanganye na samadi mbichi, yanaipeperusha nitrojeni kama amonia. Funika kwa makuti.

Chomeka fimbo hadi katikati. Ichomoe baada ya siku chache uishike: ikiwa ya moto kiasi cha kutaka kuiachia, lundo linafanya kazi, na joto la nyuzi 55 hadi 65 huua vimelea na mbegu nyingi za magugu. Ikitoka kavu yenye ukungu mweupe, ongeza maji. Ikitoka baridi, imelowa na inanuka uozo, hewa haimo, geuza. Hata kama kila kitu kiko sawa, geuza kila baada ya wiki 2 au 3, vya nje viingie ndani, kwa sababu vimelea vya pembeni havijaguswa na moto.

Miezi 3 hivi hutosha. Mboji iliyoiva haipati tena moto ukiigeuza, ni nyeusi na ina harufu ya udongo ulionyeshewa mvua. Ukiwa na shaka, ichanganye na mchanga kwenye kopo, upande mbegu za mchicha. Zikiota na miche ikabaki ya kijani, ipeleke tutani. Tuta jipya lipe debe 1 kwa kila mita 1 ya mraba, uichanganye na sentimita 15 za juu. Baada ya hapo, robo debe kila unapopanda inatosha.

Ukinunua ya gunia, usiangalie rangi ya juu. Zamisha mkono hadi katikati. Kukiwa na joto au harufu kali, bado ni samadi, na muuzaji anapaswa kukuuzia kwa bei ya samadi.