Hakuna noti ya shetani kwenye skeli ya bluzi

Ujumbe huu haukosi kwenye makundi ya wapiga vinanda wa kwaya Nairobi: eti skeli ya bluzi (mfululizo wa noti za muziki wa bluzi) ina noti ambayo kanisa liliipiga marufuku zamani kwa kuwa huita mapepo. Marufuku hiyo haina ushahidi. Walimu wa kale waliuepuka mruko wa nusutoni 6 (nusutoni ni hatua ndogo kabisa kwenye kinanda), ambao ndio umbali wa noti hiyo kutoka noti ya kwanza ya skeli, kwa sababu ni mgumu kuimba. Jina la shetani kwa mruko huo likashika kasi karne ya 18, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa.

Jipimie mwenyewe. Kwenye skeli ya bluzi ya C, yaani C, E♭, F, G♭, G, B♭, inayoshukiwa ni G♭, nusutoni 6 juu ya C. Sasa piga G7 (noti G, B, D na F kwa pamoja), ile ya kila Jumapili. B hadi F? Nusutoni 6 vilevile.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Kwenye mazoezi, ipitie G♭ kuelekea G au F. Ukiikalia sana itakera masikio tu.