Neno gumu la Kiingereza liingie kwa sikio kwanza

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Malaba, upande wetu wa Uganda, na wanafunzi wangu wengi ni mawakala wa mizigo na madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao zitoke. Kuongea wanaongea. Shida inaanza wakitaka maneno mazito, yale ya mikataba na mahakamani, coz wanayaokota gazetini kwa macho, na maandishi ya Kiingereza yanadanganya vibaya.

Juzi mmoja kasoma "receipt" akasema risipti. Nikamuuliza, wewe dukani unadai nini? Risiti, mwalimu. Sasa hiyo p umeitoa wapi? Unaona, waliotuletea neno risiti walilisikia, ndo maana Kiswahili kimelidaka vizuri mpaka mkazo, ile silabi inayopigwa kwa nguvu, ri-SI-ti, sawa na kanali, hebu tazama "colonel" inavyoandikwa halafu sikiliza inavyotamkwa, kanali yetu, ukiacha mkazo, iko karibu zaidi kuliko hizo herufi. Hiyo p, na b ya "debt", na c ya "indict", yaani kumshtaki mtu rasmi, tamka in-DAIT, zilichomekwa na wasomi wa zamani waliotaka maneno yaliyopitia Kifaransa yafanane na Kilatini. Mapambo tu hayo.

Ila herufi bubu ni ugonjwa mdogo. Mkubwa ni mkazo. Sisi tunaukandamiza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri, neno likikiuka hilo tunashtuka, kama barabara, ile ya malori inafuata sheria, bara-BA-ra, ila ile yenye maana ya "sawasawa" mkazo unarudi nyuma, ba-RA-bara. Kiingereza kinahamahama kila siku. Chukua "photograph", ni FO-tograf. Ongeza y mwishoni, inakuwa fo-TO-grafi. Weka -ic, foto-GRA-fik. Mazoea yetu ya Kiswahili yatakupa moja tu kati ya hizo tatu, ya mwisho, na hapo ndo pa kushikilia: maneno mengi ya -ic na -tion yanafuata mkazo wetu wa nyumbani, "strategic", "negotiation", hayo ni ya bure kabisa. Usihangaike nayo, peleka nguvu kwenye "democracy" na "economy", hizo zinapigwa silabi ya tatu kutoka mwisho, di-MO-krasi, i-KO-nomi, na silabi zingine zinamezwa, usizitamke zote kwa nguvu sawa kama mtu anahesabu magunia.

Mimi mwenyewe nimeumbuka. Kwenye intavyu moja Kampala nikasema "epi-tomu", nimejiamini kweli, wazee watatu wakatazamana. Ni e-PI-tomi, maana yake mfano halisi kabisa wa kitu. Maneno kama hayo ya asili ya Kigiriki e ya mwisho inasikika, "hyperbole" ni hai-PA-boli, kutia chumvi, "catastrophe" ni ka-TAS-trofi, balaa kubwa.

Kwa hiyo darasani kwangu daftari halifunguliwi mpaka umebonyeza kile kispika cha kamusi ya kwenye simu mara tatu na umerudia, ndo unaandika, mkazo kwa herufi kubwa, maana, na sentensi yako mwenyewe. Dereva mmoja wa lori, siku yake ya nne kwenye foleni, kaniandikia kwamba dereva wa Malaba ni e-PI-tomi ya uvumilivu. Nikampa alama zote.