Kupata Habari Mapema Si Kuzielewa: Dhana Potofu Kuhusu Kusoma Mambo ya Biashara na Uongozi

Kazi yangu ni kuwashauri wafanyabiashara na mameneja wa hapa Mombasa, wengi wao waagizaji wa bidhaa, mawakala wa forodha na wenye hoteli, na kila ninapomuuliza mteja anasoma nini hunijibu kwa kauli ile ile: "Maalim, mimi siachwi nyuma, niko kwenye magrupu yote." Kisha simu hutolewa mfukoni na kuelekezwa kwangu, nami huonyeshwa picha ya kichwa cha habari ambacho kimesambazwa mara nyingi hadi herufi zake zimefifia. Nimechoka kulijibu jambo hili kwa mdomo, kwa hiyo naliandika.

Dhana yenyewe ni kwamba kufuatilia mambo ya biashara ni kupokea kila habari punde inapotokea, na kwamba anayeipata kwanza ndiye anayejua zaidi. Kwa mchuuzi anayesubiri bei ya samaki ya asubuhi, dhana hiyo ina ukweli. Kwa mtu anayeamua kuhusu kodi, mikopo, ajira au shehena ya kuagiza ng'ambo, haina, kwa sababu uamuzi wake hutegemea masharti na tarehe, na hayo hayatoshei katika kichwa cha habari.

Chukua Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ile sheria ya kila mwaka inayobadilisha kodi na tozo. Ilipaswa kuanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo, lakini Mahakama Kuu ikaisimamisha siku moja kabla. Tarehe 28 Julai Mahakama ya Rufaa ikaliondoa zuio hilo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha Sheria nzima. Mwezi wa Agosti Mahakama ya Juu ikausimamisha ubatilishaji huo, na tarehe 29 Oktoba 2024 ikautengua, Sheria ikabaki. Mtu aliyeyafuata haya kwa vichwa vya habari alipata habari tano, zote za kweli, zote kwa wakati, na karibu kila moja ikiifuta iliyoitangulia. Mwishoni hakuwa na chochote mkononi isipokuwa kumbukumbu ya ile iliyomfurahisha zaidi.

Siku ile ya hukumu ya Julai 2024 simu yangu haikupumzika. Waagizaji walinipigia wakishangilia, na mmoja akaniuliza kama ingekuwa busara kuliacha kontena lake bandarini kwa siku chache ili alitoe baada ya gharama kushuka. Nilimuuliza Sheria hiyo ilikuwa imebadilisha nini katika malipo yake ya forodha, naye hakujua. Hakuna aliyejua kati ya wote walionipigia, ijapokuwa wote walikuwa wameipata habari ndani ya saa moja.

Ukweli ni kwamba Sheria hiyo, pamoja na yote iliyoyapandisha, ikiwemo kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta iliyotoka asilimia 8 hadi 16, ilikuwa imewapunguzia waagizaji malipo mawili wanayoyalipa kwa kila shehena: ada ya tamko la uagizaji ilishuka kutoka asilimia 3.5 hadi 2.5 ya thamani ya mzigo, na tozo ya maendeleo ya reli ikashuka kutoka asilimia 2 hadi 1.5. Kwa mzigo wa shilingi milioni 10, hiyo ni tofauti kati ya shilingi 550,000 na 400,000. Kwa maneno mengine, watu walikuwa wakishangilia kuanguka kwa Sheria ambayo, kama ingeanguka kweli, kila mmoja wao angestahili kudaiwa shilingi 150,000 zaidi kwa mzigo wa kiasi hicho. Hilo halikuwa siri. Lilikuwa limechapishwa tangu katikati ya 2023, na mtu yeyote angeweza kulisoma bila kulipa hata senti.

Kinyume chake kilitokea mwishoni mwa mwaka ule ule. Sheria ya kurekebisha sheria za kodi, iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024, iliirudisha tozo ya reli kwenye asilimia 2. Habari hiyo haikuwa na maandamano wala hukumu ya kusisimua, na ilikuja katika juma ambalo hoteli zetu zimejaa na ofisi ziko nusu tupu. Wateja wale wale walioniamsha mwezi wa Julai waliijua Januari, walipoiona kwenye hesabu ya wakala. Magrupu hayakuwa yamelala, ila magrupu hupenda ugomvi, na mabadiliko ya nusu asilimia hayana ugomvi ndani yake.

Sitaki hata kusema sana juu ya orodha za kodi za Mswada wa Fedha wa 2024, ambazo nililetewa hadi mwaka uliofuata zikiwa bado na VAT ya mkate. Pendekezo la mkate liliondolewa tarehe 18 Juni 2024, na tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hatautia saini Mswada wenyewe. Orodha iliendelea kusafiri kwa miezi kadhaa bila mwili.

Ushauri wangu kwa hili ni mmoja, na najua wengine huuona wa kizee: iache habari ilale kwa juma moja, kisha usome waraka wenyewe, kwenye karatasi, ukiwa na kalamu ya risasi. Sheria za Kenya na hukumu za mahakama zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na Gazeti Rasmi la Serikali hutoka kila Ijumaa. Ukiifungua Sheria ya Fedha, anza na kifungu cha kwanza, ambacho watu hukiruka wakidhani ni jina tu, kumbe ndicho kinachosema kipengele gani kinaanza lini. Ile ya 2023 ilikuwa na vipengele vya Julai na Septemba mwaka huo na vingine vya Januari 2024. Baada ya hapo tafuta majina ya sheria zinazokugusa. Sheria ya Fedha kwa kawaida hurekebisha sheria nyingine, kwa hiyo ukiisoma peke yake utaona maneno kama "futa na uweke" bila kujua kinachofutwa ni nini. Muagizaji anapaswa kuwa na nakala ya sheria mama ya ada na tozo ya mwaka 2016 kando yake na kuandika mabadiliko pembeni. Kazi hiyo haizidi saa mbili kwa mwaka, na wanaolalamika kwamba hawana saa mbili ni wale wale waliokuwa wakisoma magrupu nilipokuwa nikizungumza nao.

Dhana ya pili, ambayo ni jamaa ya ile ya kwanza, ni kwamba muhtasari unatosha. Siku hizi kuna programu za simu zinazokupa kitabu kizima kwa dakika 15, na kuna mafunzo ya kusoma kwa kasi yanayoahidi maneno elfu kadhaa kwa dakika. Uchambuzi wa mwanasaikolojia Marc Brysbaert, uliotolewa mwaka 2019 kwa kukusanya tafiti nyingi za usomaji wa Kiingereza, uliukadiria mwendo wa kawaida wa mtu mzima anayesoma maandishi yasiyo ya kubuni kuwa maneno 238 hivi kwa dakika. Anayekwenda mara kumi ya hapo anapekua tu. Kupekua ni stadi nzuri ya kuamua kisomwe nini, lakini hakuchukui nafasi ya kusoma, na muhtasari una ubaya wake wa ziada: aliyeuandika ndiye aliyeamua kilicho muhimu, bila kuijua biashara yako. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Dhana nyingine ni hii: "Ripoti ya mwaka ya kampuni ni ya wahasibu." Hapana. Ni ya mtu yeyote anayeiuzia kampuni hiyo bidhaa kwa mkopo, na wafanyabiashara wengi wa Mombasa wako katika hali hiyo. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa, ilipoporomoka mwaka 2017, wauzaji walioidai hawakuwa na hesabu za kusoma, kwa kuwa ilikuwa kampuni ya binafsi. Walioidai Uchumi, kampuni nyingine ya maduka makubwa, walikuwa nazo, kwa kuwa ilikuwa imeorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, na bado sijakutana na muuzaji aliyezisoma kabla ya hundi kukwama. Isome ripoti kuanzia nyuma. Anza na maoni ya mkaguzi na uangalie kama ametaja shaka kubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na biashara. Kisha soma masuala makuu ya ukaguzi, ambayo wakaguzi wa kampuni zilizoorodheshwa wanatakiwa kuyaeleza kwa hesabu za kuanzia mwisho wa 2016, kwani hapo ndipo mkaguzi anaposema ni tarakimu zipi zilizompa kazi. Halafu nenda kwenye maelezo ya hesabu, hasa yahusuyo madeni na muda wa kuyalipa. Barua ya mwenyekiti yenye picha yake akitabasamu isome mwisho, au usiisome kabisa.

Wengine huniambia kwamba maandishi yenye thamani lazima yalipiwe, na kwa kuwa usajili wa majarida ya nje ni ghali, basi wao wametolewa mchezoni. Sipingi kulipia gazeti zuri. Hata hivyo, taarifa ya Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu, inayotoka kila miezi miwili na kueleza sababu za kupanda au kushuka kwa riba, ni bure. Ripoti ya kila mwaka ya uchumi ya Shirika la Takwimu la Kenya ni bure. Ripoti ya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, kuhusu usafiri wa baharini, inayochapishwa tangu 1968, ni bure, na sijui ni nani anayeihitaji zaidi kuliko mji wenye bandari. Mamlaka ya Uratibu wa Ushoroba wa Kaskazini ina makao yake hapa hapa Mombasa na hutoa takwimu za muda ambao mizigo hutumia kutoka bandarini hadi Kampala na Kigali. Mnada wa chai, uliohamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, hutoa bei kila juma, na anayezisoma kwa mfululizo huelewa mengi kuhusu fedha za kigeni zinazoingia nchini kabla ya wachambuzi wa televisheni kuanza kuzungumza.

Kuhusu vitabu vya uongozi, dhana iliyoenea ni kwamba kilichouzwa sana kimethibitishwa. Kitabu kimoja mashuhuri cha Marekani kilichotoka mwaka 2001 kilichagua kampuni 11 kuwa mfano wa ubora. Mojawapo, Circuit City ya maduka ya vifaa vya elektroniki, ilifilisika mwaka 2008, na nyingine, Fannie Mae ya mikopo ya nyumba, ikachukuliwa na serikali chini ya uangalizi mwaka huo huo. Kitabu hicho bado kina mambo ya kufaa, nami nimewahi kuwapa wateja sura zake mbili. Lakini kiliwatazama waliofanikiwa na kurudi nyuma kutafuta walichofanya, na njia hiyo haiwezi kukuambia ni wangapi waliofanya yale yale na wakaanguka. Kabla ya kununua kitabu cha namna hiyo, angalia kilitoka mwaka gani na kampuni zinazosifiwa ziko wapi leo.

Wapo pia wanaosema: "Magazeti yote yana wenyewe, basi ni uongo mtupu." Yana wenyewe, ndiyo, na hilo si jambo la leo: gazeti la African Standard lilianzishwa hapa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Kuwa na mwenyewe kunakueleza pa kuwa mwangalifu, si pa kuacha kusoma. Linganisha habari ya biashara katika magazeti mawili. Ikiwa sentensi zinafanana neno kwa neno, unasoma taarifa ya kampuni wala si kazi ya mwandishi, na uipe uzito huo.

Dhana ya mwisho hunikera kimya kimya, kwa sababu huletwa na watu wenye akili: kwamba mambo ya uongozi na uchumi ni ya Kiingereza, na Kiswahili ni cha mashairi na barazani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa gazeti la Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, akaandika kwa Kiswahili kuhusu elimu, maadili na hali ya jamii ya pwani chini ya ukoloni, na makala hizo zikakusanywa kitabuni mwaka 1944. Hakuona haja ya kuazima lugha ili aseme jambo zito. Ni kweli kwamba sheria za kodi huandikwa kwa Kiingereza, lakini kifungu cha kwanza nilichokitaja ni kifupi. Anayekishindwa na amwite mwanawe wa kidato cha nne amsomee, kisha wapige hesabu ya kontena pamoja, kwa Kiswahili.