Kujiuzulu peke yake si kuwajibika

Kampuni kubwa ikikumbwa na kashfa, taarifa ya habari huisha kwa namna ile ile: kampuni imetozwa faini, mkurugenzi mkuu ameachia ngazi, kwa hiyo "viongozi wamewajibika". Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na inaniudhi kwa sababu waliodhurika wanabaki na swali lao mkononi huku sisi wengine tukiambiwa mambo yamekwisha.

Maana yenyewe haina ugumu. Kiongozi wa kampuni anabeba wajibu wa kimaadili kwa uamuzi wake ikiwa angeweza kuamua vingine, na alijua, au alipaswa kujua, nani angeumia. Wajibu huo unamtaka awajibu walioumia, akubali sehemu yake ya lawama na arekebishe kinachorekebishika. Hausubiri sheria ivunjwe kwanza.

Kinachovuruga mambo ni kampuni. Mbele ya sheria kampuni ni mtu: inamiliki mali, inakopa, inashtaki na kushtakiwa. Mwaka 1896, katika kesi maarufu ya Salomon, majaji wa juu kabisa wa Uingereza walishikilia kwamba madeni ya kampuni ni ya kampuni, hata kama mtu mmoja anamiliki hisa 20,001 kati ya 20,007. Kanuni hiyo ina faida kubwa; bila hiyo wachache wangethubutu kuwekeza. Ila ilihusu madeni. Kampuni haikai kikaoni ikasoma ripoti ya wahandisi, kisha ikaamua kuiweka kando. Hayo hufanywa na watu wenye majina. Faini nayo hutoka kwenye mfuko wa kampuni, yaani mwishowe kwa wenye hisa, ambao wengi wao hawakujua lolote. Aliyeamua anaweza asiguswe hata senti.

Chukua mkasa wa ndege za Boeing 737 MAX. Oktoba 29, 2018, ndege ya Lion Air ilianguka katika bahari ya Java na watu wote 189 wakafa. Ilikuwa na mfumo uitwao MCAS, unaosukuma pua ya ndege chini wenyewe, ambao uliweza kuamshwa na taarifa za kihisi kimoja tu. Marubani hawakuwa wameelezwa kwamba upo. Baada ya ajali ile mfumo ulijulikana, lakini ndege za aina hiyo ziliendelea kubeba abiria. Machi 10, 2019, nyingine, ya Ethiopian Airlines, ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikaua 157. Mkurugenzi mkuu wa Boeing, Dennis Muilenburg, aliondolewa Desemba mwaka huo, akiwa na stahili za zaidi ya dola milioni 60. Januari 2021 kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 katika makubaliano juu ya shtaka la jinai.

Hiyo ni hesabu ya fedha. Lakini kati ya ajali ya kwanza na ya pili ilipita miezi minne na ushei, na ndani ya miezi hiyo kulikuwa na watu waliokuwa na uwezo wa kusema ndege zisiruke. Walikuwa na taarifa gani mezani? Nani alishauri zisimamishwe, nani alikataa, na kwa sababu gani? Wajibu wa kimaadili umelala kwenye maswali hayo, na hundi haiyajibu. Kuondoka ofisini hakuyajibu pia; wakati mwingine ndiko kunakomtoa mhusika pale ambapo angeulizwa.

Utetezi unaopendwa zaidi ni "sikujua". Hapo kesi ya Park, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1975, inafundisha sana. John Park alikuwa rais wa Acme Markets, kampuni ya maduka ya vyakula yenye wafanyakazi wapatao 36,000. Wakaguzi walikuta panya katika ghala la Baltimore. Park alieleza kwamba alizungumza na wasaidizi wake, akaambiwa suala linashughulikiwa, na hakuona la zaidi la kufanya. Tatizo ni kwamba kabla ya hapo alikuwa ameonywa juu ya uchafu kama huo katika ghala la Philadelphia. Alikwishaona kwamba utaratibu wake wa kuwaachia wasaidizi haufanyi kazi, akaendelea nao. Mahakama ilikubali atiwe hatiani yeye binafsi. Faini ilikuwa dola 250, kiasi kidogo, lakini hoja ni nzito: mwenye mamlaka ya kuzuia jambo hawezi kupanga ofisi yake ili habari mbaya zisimfikie, halafu akajitetea kwa kutofikiwa nazo.

Wala lawama haigawanywi kwa idadi ya wajumbe wa bodi. Tisa wakipitisha jambo baya kwa kura, kila aliyeunga mkono anawajibika kwa jambo zima.

Nakubali kuna kiongozi anayeuliza maswali magumu, anayesikiliza wanaompinga, anayeamua kwa nia njema, na bado mambo yakaharibika. Huyo hastahili lawama sawa na aliyefumba macho. Lakini hata yeye anawadai walioumia uvumilivu wa kumsikiliza tu, nao wanamdai maelezo.

Basi anayetangaza au kuandika habari hizi aseme "amejiuzulu" au "kampuni imelipa". Yote mawili ni kweli na yanatosha. "Amewajibika" aliweke akiba mpaka mhusika atakaposimama mbele ya familia za waliokufa na kusema: niliamua hivi, nilikuwa na taarifa hizi, na hiki ndicho ninachofanya sasa.