Juu na Chini ya Jukwaa Si Vyeo

Msimu wa drama za shule ukifika, Nakuru hata Kisumu, utasikia mwalimu akiwaambia wanafunzi kwamba mhusika mkuu hukaa "juu" ya jukwaa na watumishi "chini", kana kwamba ni viti vya barazani. Sivyo.

Simama katikati ya jukwaa ukiwatazama watazamaji. Mkono wako wa kulia ndio kulia kwa jukwaa, wa kushoto ndio kushoto. Aliyeketi mbele yako hahesabiwi, hata akiwa jaji. Karibu na watazamaji ni chini. Kule nyuma, karibu na pazia la mwisho, ni juu.

Nyuma iliitwa juu kwa sababu zamani ilikuwa juu kweli. Tangu Italia ya karne ya 16, kumbi nyingi za maigizo Ulaya zilijengwa kwa jukwaa la mteremko. Sakafu iliinuka kidogo kidogo kuelekea nyuma, ili barabara na majumba yaliyochorwa huko yaonekane yakienda mbali, na mwigizaji wa nyuma asizibwe. Kutoka mbele kwenda nyuma ilikuwa kupanda mlima hasa. Baadaye sakafu nyingi zikasawazishwa, vikainuliwa viti vya watazamaji, majina yakabaki. Ndiyo maana hata kwenye bwalo la shule, juu ya saruji tambarare, mwelekezi bado anasema "panda juu". Nimemwona msichana akiambiwa hivyo mazoezini, naye akapanda benchi. Alitii alichosikia; hakuna aliyekuwa amemweleza.

Hilo la vyeo ndilo linaloumiza mchezo. Mmoja akiwa juu na mwenzake chini, wa chini akitaka kumtazama lazima awape watazamaji mgongo. Mweke chifu juu na mjane chini, na ukumbi mzima utauona uso wa chifu huku machozi ya mjane yakiishia ukutani, ilhali kisa ni cha mjane. Waigizaji wajanja wanalijua hili: hurudi nyuma hatua moja moja katikati ya mazungumzo, mpaka mwenzao analazimika kugeuka. Huo ni unyang'anyi, na mwelekezi mzuri huukemea papo hapo.

Kwa hiyo, mwalimu, ukiandika "juu kulia" kwa penseli pembeni mwa mswada, wafafanulie kwanza watoto: nyuma, upande wa mkono wa kulia wa mwigizaji anayewatazama watazamaji. Kisha ukichagua wa kumpeleka huko, uliza ni uso wa nani unaopaswa kuonekana wakati huo. Huenda ukawa wa mtumishi.